Msonyo wa Mama Mwenyekiti

Kutoka Kigoma hadi Stockholm ni safari ya siku mbili kwa mtu mwenye nauli na nia moja. Mimi ilinichukua karibu nusu ya umri wangu. Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne, kwa treni ya Reli ya Kati, cheti changu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikiaga kwamba naenda Tabora kutafuta kazi ya ukarani. Tabora sikumaliza mwezi. Dodoma niliuza viatu. Dar es Salaam nilibeba mabelo ya mitumba Kariakoo kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia, kisha nikaenda Mombasa, kisha Nairobi, ambako walinicheka kwa jinsi ninavyosema "naomba" kila ninapotaka kitu. Mwisho nikatua Kampala. Kila mji niliofika nilianza kuukumbuka ule niliotoka, na nikiurudia ule wa zamani naukuta umehama mahali pake. Mama yangu alisema kosa ni lake, aliniachia nile miguu ya kuku nikiwa mtoto.

Kampala nilikutana na mwanamke wa Kinyarwanda aliyekuja kwenye harusi ya ndugu yake. Yeye alikuwa akiishi Stockholm tangu usichana wake. Tulioana, nikamfuata. Nakumbuka Entebbe jua lilivyokuwa kali juu ya lami, na Addis Ababa tulivyolala kwenye viti, na asubuhi iliyofuata ndege ikashuka katikati ya kitu cheupe ambacho nilidhani ni mawingu, kumbe ni ardhi. Ndoa ile ilivunjika kabla sijajua kutamka jina la kituo tulichoshukia kila siku. Hatukugombana. Alisema mimi huwa nasikiliza kama mtu anayesubiri basi. Nikahamia Husby, pembeni mwa jiji, nikapanga chumba kwa mama mmoja Mkongomani, nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwapikia uji, kuwavalisha soksi, kuwafungulia redio.

Rafiki yangu mkubwa wa miaka ile nilimpata kwenye duka dogo Tensta, mbele ya ndoo ya dagaa wakavu. Mwanamume mrefu, ana miwani, alishika dagaa mmoja akamnusa, akasema peke yake, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Huyu si wa Kigoma. Huyu ni mwongo."

Alikuwa Mrundi. Alikulia kambini, upande wetu wa mpaka, akasoma huko mpaka akapata njia ya kuja Sweden, na katika chuo kimoja cha kusini mwa nchi akachukua shahada ya uzamivu. Watu wote walimwita Daktari. Jambo hilo lilimletea taabu, maana baada ya ibada wazee walimfuata na presha zao na magoti yao.

"Mimi ni daktari wa nyumba," aliwaambia. "Nimesoma mambo ya nyumba za kupanga."

"Basi njoo unitazamie bomba la jikoni," mama mmoja alimjibu, na hakuwa akitania.

Pamoja na elimu hiyo yote, kazi aliyokuwa nayo ni kushikia vipindi vya hesabu shuleni kila mwalimu anapougua. Alfajiri alikaa na simu mkononi akisubiri mahali fulani mtu aamke na mafua. Alikuwa amevuka hamsini. Aliishi Hässelby, mwisho wa njia ya kijani ya treni ya chini ya ardhi, na mkewe aliyekuwa muuguzi, na binti yao aliyezaliwa hapa, ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi bila kujua kwamba amebadili lugha. Jumapili mimi na Daktari tulitembea kando ya maji ya Hässelby, tukazungumza habari za ziwa jingine. Tulikuwa na mpango. Tungerudi pamoja: yeye Bujumbura, mimi Kigoma, ziwa moja, tungetembeleana. Mwanzoni ulikuwa mpango wa maneno kama mipango ya watu wa ugenini ilivyo. Lakini baridi ya mwaka ule shule ziliacha kumpigia, na siku moja aliniambia ameomba kazi moja tu ya mwisho. Akiikosa anaondoka kabla ya majani kuanguka tena. Mke na binti watabaki.

"Na mkeo anasemaje?"

"Anasema niende na funguo zangu, nisizirudishe. Donc, basi, sijui ndiyo kusema nini."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza taasisi ndogo ya utafiti wa sera iliyokuwa pale pale Husby, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Na hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kuchanganyika, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa watu waliotakiwa kumtafuta kiongozi huyo.

Nilivyoingia humo hata leo sielewi vizuri. Mwaka mmoja nyuma nilikwenda kwenye mkutano wao wa hadhara kwa sababu tangazo lilitaja chakula. Walikuwa wakijadili kodi za nyumba. Walipouliza kama kuna mwenye swali, nikauliza kwa nini jengo letu lina mashine chache za kufulia kuliko jengo jirani, na kwa nini zamu ya Jumamosi hupatikana tu kwa watu walewale. Ukumbi mzima ukageuka. Baada ya hapo nikawa naalikwa, na kiongozi wao wa zamani alipohamia serikalini, walisema kamati ya kumtafuta mpya lazima iwe na mkazi wa hapa. Nikapigiwa simu mimi.

Kwa Kiswidi jina la taasisi ya namna ile lina neno la mhunzi ndani yake, kama kwamba humo mawazo yanatiwa motoni na kupigwa nyundo. Nililipenda. Nilimweleza mama yangu kwa simu.

"Wanafua nini?"

"Mawazo, mama."

"Halafu wanayauza?"

"Wanayapeleka serikalini."

"Serikali ya huko haina ya kwake?"

Nilipokwenda kwenye kikao cha kwanza nilikuwa bado nalibeba swali hilo.

Tulikuwa wanne. Mama mwenyekiti, mstaafu, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, aliyetoka kaskazini ya mbali, huko ambako wanasema jua likizama linasahau kurudi. Profesa mmoja mwenye sweta nzuri. Dada mmoja wa chama cha wapangaji. Na mimi. Tulikunywa kahawa, tukala mikate mitamu, tukazungumza muda mrefu juu ya mtu tunayemtaka, na kila mara nilipodhani tumeamua kitu, walisema sasa tunaweza kuanza kukifikiria. Mwishoni ilibaki mikate mingi. Nikamwuliza mwenyekiti kama naweza kumchukulia mwenye nyumba wangu miwili.

Akanisonya.

Alinitazama usoni, akakaza midomo, akavuta pumzi kwa ghafla, "shp!" Msonyo wa kwetu ni mrefu kuliko huo, unavutwa kwa meno na unajua unakoelekea. Wake ulikuwa mfupi, kama wa mtu anayeonja chai ya moto. Lakini msonyo ni msonyo. Nikairudisha mikate kwenye sahani, mmoja baada ya mwingine. Yeye akaitazama ile mikate, akanitazama mimi, kisha akavaa koti lake taratibu. Usiku nikawaza: ananidharau, na bado amenialika? Au ndiyo maana amenialika?

Majina ya waombaji yalipoletwa nikaliona la Daktari. Nikasema namfahamu, ni rafiki yangu, tunatembea pamoja Jumapili. Nilidhani nimemsaidia. Mwenyekiti akanishukuru sana kwa kusema, akaniambia kuna neno lao, jäv, yaani mtu hawezi kuamua jambo la rafiki yake. Ningekaa kumsikiliza kama wengine, nisiulize chochote, na wakati wa kuamua ningetoka nje.

Nilimweleza mke wa Daktari, ambaye mimi humwita shemeji, jikoni kwake, akikatakata lenga-lenga, mchicha wa kwao, aliyoipanda kwenye ndoo barazani.

"Yaani wewe umo ndani, lakini huna mdomo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Kwetu ndiyo faida ya kuwa na mtu ndani."

"Huku ndiyo hasara yake."

Akaacha kisu. "Sikiliza. Huyu bwana wako akikosa kazi hii anaondoka. Najua mnavyodanganyana huko kwenye maji, Tanganyika, Tanganyika, samaki wa migebuka. Wewe huna mtoto hapa. Mimi ninaye. Usije ukafurahi akikosa."

Alinishika pabaya, kwa sababu sikujua kama ningefurahi au la. Nilikuwa nimeanza kuulizia bei za tiketi za watu wawili.

Siku ya usaili Daktari alikuja na suti ya buluu anayoivaa harusini. Alinisalimia kwa mkono kama watu wasiojuana, vile tulivyokubaliana. Meza ilikuwa na jagi la maji na bilauri. Profesa akamwuliza taasisi ingefanya nini mwaka wa kwanza chini yake. Daktari akaanza vizuri. Alisema ripoti nyingi zinaandikwa juu ya watu wa Husby na Tensta lakini haziandikwi kwa ajili yao, kwamba angeanza na wahudumu wa wazee, wasafishaji na madereva, awaulize wao wenyewe maswali yapi yachunguzwe. Nilijivuna kimyakimya. Alipofika mwisho wa sentensi, mama mwenyekiti akamkazia macho na:

"Shp!"

Daktari akasita. Alinitazama kidogo. Nikalitazama jagi.

Akaendelea, safari hii kwa haraka. Akataja kodi za nyumba, alivyozichunguza katika utafiti wake. "Shp!" Akakunja mikono. Dada wa chama cha wapangaji akamwuliza kama anaweza kusema na wanasiasa wa pande zote. Akasema anaweza, kwa kuwa amelelewa kambini, na kambini unasema na kila mtu. Lilikuwa jibu zuri sana. Mwenyekiti aliinua nyusi, akavuta hewa kwa nguvu kuliko mara zote.

Kwetu mtu mzima akikusonya humwulizi kwa nini. Unanyamaza, unaaga, unakwenda kutafuta ulipokosea. Na huyu alikuwa wa umri wa mama yake. Nilimwona Daktari akizidi kuwa mdogo ndani ya suti. Majibu yake yakawa ya neno moja, mawili. Hatimaye profesa akamwuliza kama ana jambo la kuongeza. Akasimama nusu, akasema kwa Kiswidi chake kizuri cha vitabuni:

"Nashukuru kwa kuniita. Labda wapo wanaofaa kuliko mimi."

Kila mtu wa kwetu anayajua maneno hayo. Ni mlango unaouacha wazi ili mwenyeji akuvute mkono, aseme, aa, hapana, mzee, nani tena kama si wewe, kaa. Anayejitangaza kwamba anafaa huyo ndiye wa kuogopwa. Daktari alikuwa ameumia, lakini alikuwa bado ameuacha mlango wazi. Nikamwangalia mwenyekiti. Vuta mkono, mama, niliomba moyoni.

"Shp," akafanya mama mwenyekiti, polepole.

Daktari akaufunga mlango, huo na ule wa mbao.

"Je, amejitoa?" mwenyekiti akauliza. Profesa akasema anadhani amejitoa, na inabidi tuuheshimu uamuzi wake. Dada wa wapangaji akasema yeye hakusikia kujitoa. Nikafungua kinywa, wote wakanigeukia kwa upole, na mwenyekiti akasema sasa ndio wakati wangu wa kutoka nje. Nikatoka. Kwenye ngazi nilimsikia kinyozi wa chini akicheka na mteja. Hata kama ningeachwa niseme, ningesema nini? Mama, kwa nini umemsonya rafiki yangu?

Kwa siku kadhaa Daktari hakupokea simu. Shemeji alinipigia yeye.

"Ameshusha sanduku kabatini. Umefurahi?"

"Sijafurahi, shemeji."

"Unaonaje, wamemkataa?"

"Sijui. Sikuwemo."

"Ulikuwemo!"

"Nilikuwemo, halafu sikuwemo."

Akakata simu, na angekuwa karibu angenisonya naye.

Wiki ile nilipewa mzee mpya wa kuhudumia, mvuvi wa zamani wa mito ya kaskazini, mkimya, mwenye blanketi magotini. Nikampikia uji wa shayiri, nikauleta, nikamwuliza kama yuko tayari kula. Akanitazama: "Shp!" Nikasema haya, siku yangu ya kusonywa na Wazungu haijaisha. Nikauondoa uji. Nikamwuliza basi kama anataka mkate. "Shp!" Nikaurudisha mkate kabatini. Nikamwuliza kama anataka nimwache apumzike, na hapo akapiga kofi kwenye mkono wa kiti.

"Kijana! Nakwambia ndiyo, ndiyo, na wewe unabeba chakula unakwenda nacho! Unataka nife?"

"Hukusema ndiyo."

"Nimesema mara mbili!" Akavuta pumzi mbele ya uso wangu. "Shp! Hivyo ndivyo tunavyosema kwetu. Maneno yanaingiza baridi."

Nilibaki nimeshika bakuli. Niliiona ile mikate mitamu ikirudi kwenye sahani mmoja mmoja. Nikamwona Daktari amekunja mikono. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo kubwa. Nikamlisha mzee uji wake, akala bakuli mbili, na zamu yangu ilipokwisha nikaingia treni ya chini ya ardhi, nikabadili Fridhemsplan, nikapanda ya Hässelby. Njiani kila kituo nilijiuliza: ukinyamaza, mtaondoka pamoja. Nani atajua? Yule mzee? Sikushuka mahali pengine, lakini siwezi kusema niliamua. Treni ilikuwa inakwenda tu.

Sanduku lilikuwa wazi sebuleni. Daktari alikuwa amevaa kaptula na soksi, anachagua vitabu. Niliwaeleza wote, yeye, shemeji, na binti yao aliyekuwa amejilaza na simu yake.

"Mtu avute pumzi ndani," alisema Daktari, "halafu hiyo iwe ndiyo."

"Ndiyo."

"Nimeishi nchi hii miaka yote hii."

"Hujaishi kaskazini."

"Mzee, unanidanganya ili nisione haya. Nakushukuru, lakini acha."

Binti hakuinua kichwa. Akasema kwa Kiswidi kwamba mwalimu wake wa kuogelea ni wa kaskazini na anafanya hivyo siku nzima, darasa zima linamwiga. Kisha akafanya: "Shp." Kama swichi ya taa. Shemeji akajitupa kwenye kochi, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Yaani mama wa watu anakwambia ndiyo, wewe unajikunyata! Daktari wa nyumba!"

Daktari hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, nilikiona kikimfikia.

"Nilipomwambia labda wapo wanaofaa kuliko mimi..."

Shemeji akaacha kucheka.

"Alifanya vilevile," alisema Daktari. "Voilà. Alikubali kwamba wapo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulitazamana. Ikiwa ni msonyo, amedharauliwa. Ikiwa ni ndiyo, amekataliwa. Nikasema labda pale alimaanisha nimekusikia. Shemeji akasema labda alikuwa anavuta pumzi tu, ni mzee. Binti akasema, kwa Kiswidi, kwa nini msimwulize? Sote tukamwangalia kama amesema tukaogelee ziwani uchi.

"Kuna namba imepiga, imepiga," alisema Daktari pole pole. "Siijui. Nilidhani ni shule."

"Ipigie," nikasema.

"Siwezi kwenda kuomba nilipokataa."

"Hukukataa. Ulisema kwa adabu."

"Ndiyo sababu siwezi."

Shemeji aliichukua simu mezani, akabonyeza ile namba, akaweka sauti ya nje, akamtia mumewe mkononi kama anayemkabidhi mtoto. Mama mwenyekiti alipokea mara moja. Alisema amempigia mara nyingi, hakutaka kumwandikia barua jambo kama hili. Daktari akasema alidhani wameshampata mtu.

"Tulidhani umejitoa."

"Sikujitoa."

"Ulisema wapo wanaofaa kuliko wewe."

"Kwetu ni salamu," alisema Daktari.

Nilikuwa nimesimama karibu na sanduku na nilikuwa nauona mfuko wake wa pembeni, ambamo alikuwa ameshaweka pasipoti. Sikujua naomba nini.

"Naitaka kazi ile," Daktari akasema. "Na ninyi, bado mnanitaka?"

Hakukuja neno. Simu ile, mkononi mwa Daktari juu ya meza yenye kitambaa cha kusuka cha shemeji, ikavuta pumzi.

"Shp!"

Daktari alinitazama mimi, mimi nikamtazama shemeji, shemeji akamtazama binti, na binti akatupa mikono juu, akapiga kelele, na safari hii, sijui kwa nini, kwa Kiswahili:

"Ndiyo! Amesema ndiyo, jamani!"

Daktari alianza kazi majani yalipochipua. Siku ya kumkaribisha, mama mwenyekiti alinijia na sahani, akaniambia amekuwa akitaka kuniuliza kwa nini siku ile niliirudisha mikate baada ya yeye kunikubalia. Nikamwambia nilikuwa nimeshiba. Alinifungia mikate minne kwenye karatasi. Mwenye nyumba wangu Mkongomani aliuliza kama ndiyo mshahara wa kuwaza.

Daktari alikuwa kiongozi mzuri, kwa kadiri ninavyoweza kuona. Aliwauliza wahudumu wa wazee maswali, mimi nikiwa mmojawapo, na niliona majibu yangu yamepigwa chapa bila jina. Jumapili zake zilijaa. Tulipotembea, alitembea kwa kasi, akazungumza habari ya mikutano, na mara moja nilipoanza kumwambia jinsi migebuka inavyochomwa pale kwetu Kibirizi, alisema, "Ngoja, hilo liwe la baadaye," akatoa simu. Sikuumia. Nadhani sikuumia. Nilikuwa nimeanza kuikumbuka Stockholm nikiwa bado ndani yake, na ninapofika hapo huwa najua wakati wa kuondoka umefika. Tiketi niliyonunua ilikuwa ya mtu mmoja.

Siku niliyoondoka nilipita ofisini kumuaga. Kinyozi alinipungia mkono. Daktari alikuwa na wageni chumba cha pili, akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akanishika mabega. Suti ilikuwa mpya. Alinipa sweta la binti yake, eti nimpelekee mama yangu kwa ajili ya baridi ya kiangazi kule milimani. Nikamwambia Kigoma hakuna baridi hiyo. Akasema amesahau.

"Shemeji yako analia tangu jana," alisema. "Anasema amemchukia bure mtu mwema."

"Mwambie hakukosea sana."

Tukacheka. Tukasimama. Wageni wake walikuwa wakiongea nyuma ya mlango.

"Utakuja?" nikamwuliza. "Hata likizo. Uvuke upande wangu, tuketi."

Daktari alinitazama kupitia miwani. Akakaza midomo, na kabla hajajua anafanya nini, akavuta pumzi.

"Shp."

Akashtuka yeye mwenyewe. Nilidhani atasema neno juu yake, lakini mlango ukafunguliwa, mtu akaita jina lake lenye cheo, naye Daktari akanikumbatia, akaingia. Nilishuka ngazi nikiirudia ile sauti. Ni ndiyo, nilijiambia. Yeye ni mtu wa hapa sasa, amesema ndiyo. Lakini masikio yangu ni ya kule, na yalikuwa yamesikia kitu kingine, na hata sasa, ninapoandika haya karibu na ziwa ambalo hajavuka bado, sijayashinda.

Kwenye treni ya uwanja wa ndege nilikaa dirishani, begi langu magotini. Miti ilikuwa inapita. Nikawaza sweta la kiangazi, nikawaza tiketi za watu wawili, na hasira ikanipanda, sijui ya nani. Nikasonya. Msonyo wa kwetu, mrefu, wa meno, wa haki.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama kwenye njia, ambaye sikuwa nimemsikia akiniuliza kama anaweza kukaa kiti cha pembeni yangu, akatabasamu. Akasema asante, akakaa.